Fungu la Mgeni

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, Sesilia alirudi kutoka sokoni Woolwich na ndizi mbichi, viazi na maumivu ya mgongo, akamkuta mumewe sebuleni ananoa kisu. Kisu chenyewe hakikuwa cha jikoni. Linus alikuja nacho kutoka Tanzania, alikokuwa mchuna ngozi kwenye kambi za uwindaji, kabla Uingereza haijamfanya mtu wa kuogesha wazee kwa zamu.

"Mimba ya miezi mitano nibebe mimi, safari ufunge wewe," Sesilia alimtania.

"Siku nne tu, mke wangu. Geofrey kalipa kila kitu."

Geofrey alikuwa rafiki yao wa Ilford, muuza vipuri vya magari, mtu mwenye fedha za kuchezea. Safari hii alitaka kuua moose, yule mnyama wa kaskazini mwenye mwili mkubwa kuliko farasi na pembe pana kama ungo, na hakuamini kisu cha mtu mwingine ila cha Linus. Linus alikubali kabla hajaambiwa tarehe. Miaka saba alikuwa hajanusa msitu.

Waliruka hadi kaskazini ya Sweden, wakaendesha gari saa tano kwenye barabara isiyo na nyumba hata moja. Mwongozaji wao, mzee aliyeitwa Sivert, hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi ya pili alikunja gome la mti kama tarumbeta, akaliweka mdomoni na kutoa mlio mrefu wa jike lenye huzuni.

"Hatumfukuzi," alimnong'oneza Linus. "Tunamwita kwa sauti anayoipenda. Atakuja mwenyewe."

Akaja. Geofrey alipiga risasi moja, mnyama akaenda chini.

Linus akakunja mikono ya shati. Alichuna, akakata, akapanga nyama juu ya matawi kwenye theluji, na kwa kuwa moyo ulikuwa umejaa furaha, akagawa kama babu yake alivyokuwa akigawa kule Kibosho, Uchaggani, siku ya Krismasi: kwa sauti, kila fungu na mwenyewe. Kwa babu yule, nyama isiyotajiwa mwenyewe ilikuwa mzoga tu.

"Kidari cha mama. Mbavu za Sesilia. Paja la Geofrey. Shingo ya mchinjaji, ndiyo mimi." Likabaki fungu moja la bega. Akaliweka kando na kusema lile linalosemwa siku zote: "Na hili la mgeni. Aje, atalikuta kwangu."

Geofrey akacheka, akimwita kwa jina la utani la Wachagga. "Mangi, mgeni gani huku? Hata inzi hakuna!"

Tangu alfajiri ndege walikuwa wakilia. Wakanyamaza wote kwa mara moja.

Sivert akauliza kimesemwa nini. Linus akamtafsiria. Mzee akavua kofia, akaitazama miti iliyokuwa nyuma yao kwa muda mrefu.

"Hapa huwa hatualiki," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa lichukue fungu hilo, ulitunze. Lisipungue. Akija asilikute, atachukua jingine, na yote umeshamtajia ni ya nani."

Linus alitaka kucheka. Kisha akatazama lilipokuwa lile fungu. Theluji ya pembeni yake ilikuwa imebonyea, kama mahali mtu mzito alipochuchumaa kutazama kitu. Hapakuwa na nyayo za kuja wala za kuondoka.

Nyumbani alilifunga kwa mifuko mitatu myeusi, akalisukumia chini kabisa kwenye friza. "Hili usiliguse," alimwambia Sesilia. "La mgeni." Hakueleza zaidi. Mjamzito hatiwi hofu, alijiambia, na mambo mengine yakisemwa huwa yanapata nguvu. Akaenda kazini.

Wiki nne zikapita. Alhamisi moja Émilienne, jirani yao Mkongomani wa ghorofa ya pili, alipanda na mfuko wa nguo za mtoto. Wanawe walikuwa wameshakua, nguo zimemjazia kabati. Ndani ya flati ile mlikuwa na mayai na ndizi tu. Sesilia aliona aibu. Kwao mgeni halishwi mayai mkono wako ukiwa unajua palipo na nyama. Mgeni si ameshafika? Akainama kwenye friza, akalitoa fungu, akalipika kwa ndizi.

"Dada, hii nyama iko muzuri sana," Émilienne alisema akilamba vidole.

Linus alirudi saa kumi jioni, giza la Novemba likiwa limeshatanda. Harufu ilimpokea tangu kwenye lifti. Aliingia na koti lake mwilini, akafunua sufuria. Mfupa mmoja.

"Sesi, umepika nini?"

"Si mgeni alikuja? Émilienne huyo katoka sasa hivi."

Linus akaketi sakafuni.

Hodi ikapigwa. Mara tatu, polepole.

Sesilia akaelekea mlangoni. Linus akamdaka mkono. Sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka dirishani, na wao waliishi ghorofa ya nne.

Chumba kikanuka manyoya yaliyolowa. Taa haikuzimika. Ingekuwa afadhali izimike. Nje ya kioo hakukuonekana kitu, ila taa za mtaani hazikuwepo tena. Kuna kitu kilikuwa kimezikinga.

"Linus," Sesilia alinong'ona. Alikuwa amejikunja, mkono ubavuni. "Mbavu." Mkono ukateremka tumboni. "Linus, mtoto!"

Linus aliogopa kuliko siku aliyokabiliana na nyati mwenye jeraha. Hata hivyo alisimama kati ya mkewe na dirisha.

"Fungu lako limeliwa," akasema. "Kosa ni langu, wala si la huyu. Mbavu ziache. Chukua langu. Shingo."

Taa za mtaani zikarudi. Sesilia akavuta pumzi, maumivu hayapo, mtoto anapiga teke. Linus akafungua kinywa kumuuliza kama yu mzima. Hakikutoka kitu.

Hospitali walimwingiza kamera kooni mara mbili. Koo zima, wakasema, halina hata mkwaruzo. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuandika kwenye karatasi.

Januari Sivert alituma ujumbe wa sauti. "Msimu umekwisha, msituni hamna mtu," alisema. "Lakini kila jioni kuna anayeita. Lugha yenyewe siielewi. Sikilizeni."

Upepo ulivuma. Kisha ikaja sauti ya Linus, ileile iliyomposa Sesilia kwa simu, iliyomwimbia akiwa mgonjwa.

"Kidari cha mama. Mbavu za Sesilia." Ikatulia kidogo. Halafu kwa upole mwingi: "Haika. Haika, njoo mwanangu."

Jina lile la mtoto walikuwa hawajamwambia mtu. Linus aliliandika juzi tu kwenye karatasi, wakakubaliana kwa macho, Sesilia akaikunja ndani ya Biblia. Sesilia akafuta ujumbe, akalia mpaka akachoka.

Mtoto alizaliwa Februari, wa kike. Wakambatiza Filomena. Karatasi waliichoma kwenye sinki, na neno Haika halikutajwa tena ndani ya nyumba ile.

Filomena alikua vizuri, ana afya, mchekeshaji. Kitu kimoja tu: ukimwita hageuki. Filomena, Filo, mama, yeye kimya. Wakampeleka kupimwa masikio. Yakakutwa mazima.

Ikafika Novemba nyingine. Saa kumi jioni Sesilia alikuwa jikoni akimenya viazi, na Linus yuko kwenye zulia na mwanawe, akikunja nguo, mdomo umefungwa kama kawaida. Mtoto alikuwa na miezi tisa na hajatamka neno. Ghafla akaacha kuchezea soksi. Akainua kichwa. Akageukia dirishani, uso umechangamka kama wa mtoto aliyesikia baba karudi kazini.

"Abee," akaitika.

Hakuna aliyemfundisha. Watoto wa jengo lile wote huitika kwa Kiingereza.

Akaanza kutambaa. Linus akamnyakua na kumkumbatia mpaka mtoto akalia, akampa mamake, kisha akaenda dirishani. Kioo kilikuwa kimefunikwa na ukungu wa pumzi, doa moja pana kama ungo. Akalifuta kwa mkono wa shati. Akasugua tena kwa nguvu.

Lilikuwa upande wa nje.