Nondo Waliomfuata Bwana Harusi

Bwana harusi alikuwa ameshalikosa tofaa mara nne.

Kwa watu wa bonde lile hakuna njia ya mkato. Kaka wa bibi harusi anafunga tofaa juu ya mlingoti uani, na mpaka ulidondoshe kwa bunduki, hutavuka kizingiti wala hutaonyeshwa mke. Sasa bwana harusi huyu, Vukašin, alikuwa mtu wa Belgrade, daktari wa magonjwa ya viazi. Bunduki aliishika kama unavyomshika mtoto wa jirani aliyejikojolea. Risasi ya kwanza ilikwenda mbinguni, ya pili ikamtia mbwa wazimu, na hizo mbili nyingine hakuna anayejua zilikotua.

"Shemeji, tofaa liko juu," Gvozden, kaka wa bibi harusi, alimwambia taratibu. "Huko unakolenga ni kwa padri."

Uani watu wakavunjika mbavu. Matarumbeta yakapigwa, rakija, pombe kali ya plamu, ikazunguka, na kila mgeni mwenye kijiti cha rozimari kifuani akaanza kumfundisha bwana harusi namna ya kufumba jicho.

Ndani, nyuma ya dirisha, bibi harusi Stamenka naye alikuwa anacheka. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, ameshavaa gauni, ameshapakwa kila cha kupakwa. Mama yake, Kosara, alikuwa amefunga madirisha yote kwa sababu ya nondo. Kila Julai ni hivyo. Nondo dume wa aina iitwayo gubar, wale wa kahawia, walikuwa wakijigonga kwenye kioo upande alikokaa binti yake, wanamtaka yeye.

Hilo halikumshangaza mtu. Stamenka ni daktari wa wadudu, na kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa kuwazuia viwavi wa gubar wasimalize mialoni na miplamu ya watu, tena bila kumwaga sumu inayoua nyuki. Nondo jike wa gubar haruki. Anakaa kwenye gome la mti anatoa harufu, dume anaifuata. Stamenka alichofanya ni kutundika vitepe vyenye harufu hiyo kila mti, bustani nzima inukie jike, madume wazurure kutwa wasijue wa kuoa yuko wapi. Hakuna ndoa, hakuna mayai, hakuna viwavi. Pua ya binadamu haiisikii harufu ile, lakini ikikuingia kwenye ngozi, sabuni haiitoi na mwaka hauitoi. Ndiyo maana madume walikuwa dirishani.

Vukašin akapewa risasi ya tano. Akakosa tena.

Hapo ndipo Stamenka alipoona nondo mmoja ametua kwenye koti la bwana harusi. Akaja wa pili, halafu wanne kwa pamoja, wakija kwa mwendo ule wa kupinda pinda anaoujua yeye kuliko mtu yeyote, mwendo wa dume aliyepata njia.

Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mama," alisema, "hebu niambie. Unaona nondo wangapi kwa Vukašin?"

"Mwanangu, leo ni siku ya kuhesabu wadudu?"

"Wangapi?"

Kosara akasogea dirishani. "Mbona wamemjaa hivyo?"

Inabidi nirudi nyuma mwaka mmoja, vinginevyo mtamwona bibi harusi huyu ana kichaa.

Mwaka uliotangulia, Stamenka alikuwa mchumba wa mwanaume mwingine. Tihomir, mfuga nyuki na mwenye bustani ya plamu upande wa pili wa kilima, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Jaribio kubwa la Stamenka lilifanyika kwenye bustani yake hiyo. Miti mia nne, kila mti na kitepe chake, uzio, geti, kufuli, funguo mbili. Mmoja wa Tihomir, mwingine Stamenka aliuweka kwenye droo ya ofisini Belgrade. Jaribio likifaulu, bonde zima lingeacha kupuliza sumu.

Katikati ya Julai, Stamenka akiwa Belgrade kwa mikutano, vitepe vikakatwa. Kufuli halikuvunjwa. Alirudi akaishia getini, akaona miti mitupu na madume wameshaoa. Vukašin, waliyekuwa wakikaa naye ofisi moja, alimpigia simu kutoka Novi Sad, alikosema yuko kwenye kongamano la viazi.

"Pole sana, Stamenka. Mimi sipendi kumsema mtu. Ila mwenye ufunguo ndiye wa kwanza kuulizwa."

Kesho yake Gvozden akakuta gunia la vitepe kwenye banda la Tihomir la kupikia rakija, kule chini barabarani. Alilibeba kwa mkono mmoja mpaka uani kwao, akalichoma moto kwa hasira. Stamenka akapiga hesabu zake moyoni. Jaribio likifaulu, mimi napandishwa cheo nabaki Belgrade moja kwa moja, Tihomir anabaki peke yake na nyuki wake. Kumbe ameona bora kuliharibu. Akamrudishia pete siku hiyo hiyo. Tihomir alisema hajagusa kitu, mara moja tu, hakurudia.

Wiki mbili baadaye Vukašin akaja na maua. Akafariji, akasikiliza, akafariji tena, na mwaka ukawa umetosha.

Sasa turudi uani.

Mlango ukafunguka, bibi harusi akatoka mwenyewe. Haijapata kutokea. Bibi harusi hatoki mpaka atolewe. Wapiga tarumbeta wakashusha vyombo, mmoja alibaki na mashavu yamejaa pumzi. Stamenka akakokota gauni mpaka kisimani, mbali na wote, na nondo wa dirishani wakamhamia.

"Vukašin, weka bunduki chini. Vua koti, umpe Gvozden."

"Mpenzi, bado tofaa..."

"Achana na tofaa."

Akavua. Gvozden akalipeleka koti mpaka mwisho wa ua, akalitundika kwenye uzio. Nondo wachache wakalifuata. Wengi wakabaki kwenye shati jeupe la bwana harusi, wanapiga mbawa, wanatembeatembea. Stamenka akawahesabu kwa kidole, kama yuko kazini. Arobaini na watatu.

"Uliwahi kushika vitepe vyangu?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa viazi." Vukašin akacheka, akaangalia watu wacheke naye. Walicheka wawili. "Nimeipata kwako hiyo harufu. Mwaka mzima tunakumbatiana, ulitaka nisinukie?"

Wageni wakapumua. Lilikuwa jibu la maana. Hata padri alitikisa kichwa kukubali. Stamenka mwenyewe, nitawaambia ukweli, alitamani sana liwe kweli.

"Mama," aliita. "Njoo usimame pale peke yako, karibu na kuni."

Kosara akaja. Mama huyo, tangu afiwe na mume, kila Stamenka akija nyumbani wanalala kitanda kimoja. Ndiye anayemfulia, ndiye anayemsuka nywele. Kama harufu inaambukiza kwa kukumbatia, basi yeye angekuwa mzinga unaotembea. Akasimama kwenye jua na kilemba chake kipya, watu zaidi ya mia wanamwangalia kama anapigwa picha. Dakika moja. Tatu. Tano.

Hakutua hata mmoja.

"Na wewe, kaka."

Gvozden alikuwa tayari anajikung'uta. Watatu, wote kwenye mkono wa kulia, mkono uliobeba gunia.

Stamenka akamtazama Vukašin.

"Aliyebeba gunia zima ana watatu mkononi. Wewe una arobaini na watatu, tena kifuani. Uliviweka ndani ya shati, Vukašin. Kwenye ngozi."

Rangi ilimtoka yule mwanaume. Msimamizi wake, aliyekuwa amesimama naye bega kwa bega tangu asubuhi, akasogea hatua moja pembeni.

"Ufunguo niliutoa kwenye droo yako, na nikilipeleka gunia bandani kwake likachanika kwenye miba," Vukašin alisema mwishowe. "Mvua ilikuwa inanyesha. Vingine sikuwa na pa kuviweka."

Kosara akakaa juu ya kuni na nguo yake ya harusi.

"Kwa nini?" Stamenka aliuliza.

"Ungefaulu wangekujengea kituo huku huku. Nilikuwa nimeiona barua ya kituo hicho kabla yako. Ungekaa na yule wa nyuki maisha yako yote, nisikuone tena." Alikuwa analia sasa, na nondo hawakumwacha hata akilia. "Nimekupenda miaka sita, Stamenka. Meza yangu ilikuwa inaangalia yako."

Unaweza kumhurumia mtu na hapo hapo usitake kumwona tena. Stamenka alisikia vyote viwili. Kilichomtia ganzi zaidi hakikuwa Vukašin. Ni kwamba yeye, mtu wa ushahidi, anayewafokea wanafunzi wasioweka mti wa kulinganishia, alimhukumu Tihomir kwa gunia moja na simu moja.

"Nenda," alimwambia. "Kaka, msimguse."

Msafara uliokuja na matarumbeta ukaondoka bila tarumbeta, bwana harusi kiti cha nyuma cha gari, madirisha yamepandishwa, madume wanagonga kioo. Wageni hawakujua waondoke au wale. Kosara akawaambia kondoo ameshachomwa, waketi. Wakaketi wakala, wanaongea kwa kunong'ona kama msibani.

Stamenka alijifungia chumbani, akavua gauni, akashika simu amwandikie Tihomir. Aliandika akafuta mara nyingi. Iliyokwenda ilikuwa hii:

"Si wewe uliyefanya. Nimejua leo. Naomba nije nikuambie usoni."

Ilipita saa nzima. Halafu likaja jibu:

"Gvozden ameshanipigia. Njoo. Vaa viatu, kuna miba."

Alimkuta kwenye mizinga, amevua kofia ya wavu, anaifutafuta ingawa ilikuwa safi. Hawakushikana mikono. Mama yake Tihomir alipita na ndoo, akamtazama Stamenka toka juu mpaka chini, akaenda zake bila salamu. Stamenka alistahili hiyo pia.

"Nilikukosea," Stamenka alisema. "Sina cha kujitetea."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Ulimuuliza mtu wa viazi." Alisema bila kupandisha sauti, na ilichoma zaidi. "Kuachwa, watu wanaachwa kila siku. Lakini kijiji kizima walinunua asali kwa mtu mwingine. Mama yangu aliacha kwenda kanisani. Na wewe hukupanda huku juu hata kuiangalia bustani yote."

"Niliona aibu. Nilikuwa nimepoteza kila kitu."

"Si kila kitu."

Akaingia ndani akatoka na daftari la shule, jalada limeganda nta. Akampa.

Stamenka akafungua. Namba za miti, mistari, tarehe, na mbele ya kila mti idadi ya vibunda vya mayai ya nondo, shina na matawi, kama alivyomfundisha. Mia nne yote. Oktoba, Januari, Machi. Miti mingi ilikuwa na vibunda ishirini, ishirini na tano, thelathini. Halafu akafika mistari mitatu ya mwisho, miti thelathini na mmoja. Sifuri. Sifuri. Kimoja. Sifuri.

Akarudia kusoma. Akakaa chini kwenye nyasi.

"Hii ni mistari gani?"

"Hii hapa, inayozunguka mizinga. Mwizi hakuifikia. Vitepe vyako vilibaki vyote." Tihomir akaelekeza kwa kidevu. "Aliogopa nyuki."

Mwaka mzima jibu lilikuwa limening'inia kwenye miti thelathini na mmoja. Jaribio lilikuwa limefaulu. Na mtu wa pekee bondeni asiyeogopa nyuki ndiye huyo ambaye Stamenka alimwita mwizi.

"Ulijua," alisema. "Kwa nini hukuniletea?"

"Ungesema hivyo vitepe nimevitundika mwenyewe."

Na kweli angesema hivyo.

"Sasa kwa nini uliendelea kuhesabu? Mtu amekuvunjia heshima, wewe unamhesabia mayai kwenye theluji?"

Tihomir akakuna shingo.

"Miti haikunikosea. Na nilizoea. Tulikuwa tunahesabu wawili, nikaona nikiacha na hilo, basi kweli umeondoka."

Stamenka akainamisha uso kwenye daftari, akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Tihomir akachuchumaa karibu yake, hakumgusa, akamfukuza nondo mmoja begani. Nondo akarudi. Akamfukuza tena.

"Haya matawi ya juu," Stamenka aliuliza baadaye, anafuta pua kwa mkono, "ulihesabuje Januari? Nani alikushikia ngazi?"

"Hakuna. Nilianguka mara mbili."

"Julai hii umeshahesabu?"

"Nilikuwa nianze leo. Sikutaka kukaa nyumbani nisikilize matarumbeta yenu."

Stamenka akanyanyuka. Akaenda bandani akaitoa ngazi mwenyewe, nzito, akaikokota kwenye nyasi mpaka mti wa kwanza, akaiegemeza, akaishika pande zote mbili kwa nguvu kama inataka kukimbia.

"Panda," alimwambia. "Nimeshika."

Tihomir akaitikisa ngazi kuona kama imekaa. Halafu akakanyaga ngazi ya kwanza.