Nimepokea

"Ifungueni mtakavyo," mwenye pikapu alisema pale getini, akitoa funguo bila kumtazama mtu usoni. "Ila msiiongeleshe. Ina wivu."

Fundi alicheka, na mke wake akacheka zaidi. Pikapu kuukuu, rangi imebabuka, kurudi nyuma haitaki, na gia zake za otomatiki zikiingia zinashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Mwenye hali hiyo atamwonea nani wivu? Lakini mwenyewe hakucheka. Aliondoka upesi, kama anayeogopa kuitwa arudi.

Mke wa fundi watu walimwita Mama Tochi. Miaka kumi na moja alikuwa akimmulikia mumewe chini ya magari uani kwao, na wivu alikuwa nao wa kula na kusaza. Hakuwaonea wivu wanawake. Aliyaonea magari. Mumewe ndani ya nyumba alikuwa bahili wa maneno, hata kusifia mboga ilikuwa kazi, lakini akishaingia uvunguni mwa gari ulimi ulilainika. "Njoo, bibie. Taratibu, mpenzi. Usinifanyie hivyo, mrembo wangu." Mama Tochi alishika tochi akameza mate machungu. Maneno hayo hakuwahi kuambiwa yeye, hata siku ya harusi.

Asubuhi ile walianza kama kawaida yao. Fundi alichomoa waya wa betri, akainua pikapu kwa jeki, akaikalisha juu ya stendi nne, kisha akamwaga oili ya gia boksi. Ilitoka nyekundu, na pale ilipotakiwa kunuka kuungua, ilinukia waridi.

"Wamemwaga marashi humu nini?" Mama Tochi aliuliza.

"Gari la mtu na mambo yake," mumewe alijibu. Akatoa propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, akafungua mabomba ya oili na waya, akalegeza bolti moja baada ya nyingine.

Sasa, kushusha gia boksi kuna neno lake. Ikishaachana na injini, uzito wote unalalia jeki na mikono ya fundi, kwa hiyo msaidizi anayeishika upande wa pili lazima aulize, "Umepokea?" Fundi akijibu, "Nimepokea," ndipo mwenzake anaachia. Anayeachia kabla ya neno hilo huvunja mtu kifua.

"Njoo, mke wangu," Fundi alinong'ona, akiivuta. "Shuka, nipo."

Mama Tochi alihisi kama amechomwa mwiba. Mpenzi na mrembo alikwisha kuzoea, lakini mke wangu lilikuwa lake, ndilo pekee alilobakiziwa, na sasa nalo lilikuwa linagawiwa chuma.

"Basi mchukue kabisa," alisema kwa hasira. "Mimi ndiye ninayekuoza. Umepokea?"

"Nimepokea," Fundi alijibu, akicheka.

Gia boksi ikashuka yenyewe. Ilimwegemea kifuani taratibu, kama mgeni aliyechoka na safari, na Fundi hakuguna hata kidogo.

Waliiweka juu ya meza barazani wakisubiri vipuri. Siku ya pili Fundi alibeba sahani yake ya chakula akaenda kulia hapo. Siku ya tatu vipuri vilifika, lakini hakuvigusa. "Leo apumzike," alisema. Mama Tochi akauliza nani apumzike, naye akaendelea kuifuta kwa kitambaa. Chanuo lake alilikuta limevunjika vipande viwili, na kioo chake kimepakwa oili nyekundu. Alipomshika mumewe bega pale barazani, ndani ya gia boksi, ambayo haikuunganishwa na kitu chochote, kitu kilisaga, kraa, kama mtu anayesaga meno.

Siku ya nne, jua la adhuhuri likiwa kali na uani hakuna hata kuku, aliona matone mekundu yametoka mezani, yakavuka baraza, yakaingia sebuleni, na akayafuata kwenye ujia mpaka mlango wa chumba chake cha kulala, ambao aliuacha umefungwa na sasa ulikuwa wazi nusu, akausukuma kwa kidole kimoja huku harufu ya waridi ikimjaa puani, akaona kitanda alichokitandika asubuhi kimebonyea upande mmoja, upande wake, na alipopeleka mkono pale, palikuwa pa moto.

Alimkuta mumewe barazani.

"Baba, kuna mtu kalala kitandani kwangu."

"Punguza sauti," Fundi alimnong'oneza. "Atasikia."

"Nani?"

Mumewe aliinamisha kichwa. "Anasema wewe ndiye uliyemleta. Anasema ulimtoa kwa kinywa chako."

Mama Tochi hakungoja hata kubadilisha kanga. Alikimbilia kwa mtabibu wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kusomea, asiyependa hadithi ndefu. Mtabibu alitaka maneno tu, neno kwa neno, kama yalivyosemwa. Aliposikia mpaka mwisho akavua miwani.

"Aliyeoza wewe, aliyepokea mumeo. Mmefanya utani mbele ya asiyejua utani, mwanangu. Mke mwenza umejitafutia mwenyewe."

"Nimtoeje? Ninaye huyo mume mmoja tu."

"Ameingia kwa neno, atatoka kwa neno. Chuma kirudi mahali pake. Kikigusana na injini, kabla bolti ya kwanza haijakaza, mumeo aseme: wewe wa chuma, nimekuacha. Aseme wa chuma. Asiseme mke wangu. Na wewe usiingie humo chini. Kaa getini."

Kesho yake mtabibu alikuja kusimamia. Fundi alifunga vipuri, akaisukuma gia boksi uvunguni, akaanza kuipandisha kwa jeki. Mama Tochi alikaa getini, akajaribu kutulia. Akasikia mumewe akihema humo chini. Akasikia sauti yake ikiwa laini, ikisema kitu ambacho hakukishika vizuri. Wivu ukampanda.

"Miaka kumi na moja tochi ni yangu," alisema. "Siwaachi humo peke yao."

"Rudi!" mtabibu alisema, lakini Mama Tochi alikwisha kujitupa chini na kuwasha tochi.

Gia boksi ile iliyoshuka kama unyoya sasa ilikuwa nzito mno, jeki ikilia, stendi zikilia, waridi likinukia mpaka macho yanawasha, na ndani ya chuma kulikuwa na pumzi, zikienda pamoja na za mumewe, zikipanda naye na kushuka naye, hata Mama Tochi akashindwa kujua zipi ni za nani, akamwinulia mumewe mwanga usoni ili ampate, na Fundi, jasho likimpofua, akaugeukia mwanga ule na kumtazama yeye, yeye hasa.

"Mke wangu," alisema, "nimekuacha."

Gia boksi ikaingia mahali pake, klak, safi kabisa.

Jioni mwenye pikapu alikuja. Iliwaka mara moja, ikarudi nyuma hadi barabarani bila kushtuka, na ndani yake hakukuwa na harufu yoyote. Mtabibu aliondoka upesi, akikwepa macho ya Mama Tochi. Mama Tochi akaenda bombani kunawa, tochi kaibana kwapani. Alijiambia mtu huteleza ulimi, na Mungu anajua nia.

Nyuma yake Fundi alikwisha kuingia chini ya gari jingine.

"Tochi!" aliita.

"Nakuja," Mama Tochi alijibu.

Lakini mwanga ulikwisha kuwaka huko chini, na harufu ya waridi ikatoka uvunguni.

"Hapo hapo, mke wangu," Fundi alisema, kwa sauti ambayo Mama Tochi aliisubiri miaka kumi na moja. "Umepokea?"

"Nimepokea," sauti ya mwanamke ikajibu, na sauti hiyo ilikuwa ya Mama Tochi mwenyewe.

Mama Tochi akaliita jina la mumewe. Fundi akachungulia kutoka uvunguni, uso umejaa grisi, akamtazama kwa adabu zote.

"Karibu, mama," alisema. "Gari lako lina shida gani?"