Watu Waliouziba Mnara

Foleni ya duka la kutolea picha pale Bondeni ilikuwa imefika barazani, watu wanapiga miayo na kunung'unika, na aliyeizuia si mwingine ila Fahmi, fundi saa wa Mji wa Kale, kanzu ameikunja mikono, karatasi saba mkononi.

"Hii pia haionyeshi mlango," alimwambia dada wa mashine. "Ikuze tena."

"Kaka, hiyo ni meli au mchumba?" sauti ilitoka nyuma yake.

Aligeuka na maneno makali mdomoni, yakamwishia papo hapo. Ushungi wa zambarau, harufu ya asumini, macho yanayocheka. Ndiye Raihana, mwalimu wa chekechea kule Ganjoni.

"Ni manowari ya kubeba ndege," alijibu. "Naunda mfano wake, mwaka wa pili sasa. Kila upande nimeupatia picha, isipokuwa chini ya mnara wake. Na mimi sibahatishi."

"Hata kidogo?"

"Hata msumari mmoja."

Raihana alicheka. Marehemu babake alikuwa mpiga picha, na manowari hiyo ilipozuru Mombasa, wenyeji wakaruhusiwa kuipanda, alikuwemo. Aliacha sanduku zima la picha, nyingi za wateja ambao hawakurudi kuzichukua.

Mapenzi yalianzia kwenye sanduku hilo, jamani. Kila jioni simu.

"Umekula, muhibu?"

"Nimekula. Ile ngazi ina vidato tisa."

"Ati nini?"

"Tisa, Raihana! Siku zote nilihesabu vinane!"

Raihana alicheka mpaka akakohoa. Miezi mitano baadaye shangazi yake Fahmi, Bi Swabaha, alikuwa ameagiza halua ya kupeleka posa Ijumaa.

Jumamosi kabla ya hapo, Raihana alimpa bahasha ya mwisho. Picha moja tu, naye hakusema neno. Fahmi alipoitazama aliruka: chini ya mnara, peupe kabisa! Tatizo ni mwanamke na mtoto waliosimama mbele, wakiuziba.

Jumanne Raihana alipita dukani kwa Fahmi na sahani ya mahamri. Juu ya meza palikuwa na ubao, na juu ya michoro yake ya manowari mnara umebandikwa picha kwa picha, ile ya Jumamosi chini kabisa. Ndani yake pana tundu.

"Wako wapi?"

"Kina nani, laazizi?"

"Watu, Fahmi."

"Ah, wale! Nimewakata. Mimi huwakata watu wote pichani, wanachanganya macho. Si wateja wa babako wale?" Tabasamu lilimpotea. "Kwani ni nani?"

"Mimi na mamangu. Alikufa mwaka uleule. Sina picha yake nyingine."

Fahmi alilirukia gunia la taka. Tupu. Lori lilipita asubuhi. Aliligeuza gunia ndani nje, akalikung'uta.

"Nilingoja uniulize mtoto huyu ni nani," Raihana alisema. "Siku tatu. Haya, mnara una madirisha mangapi?"

"Kumi na moja." Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Na mamangu alivaa nini?"

Maskini Fahmi! Siku tatu aliitazama picha ile kwa lenzi ya fundi saa. Alitafuta kichwani, akakuta misumari na ngazi tu.

"Sijui."

Raihana aliweka mahamri mezani akaondoka.

Jumatano Fahmi alipiga simu mara kumi na moja. Alhamisi shangazi alimfuata dukani.

"Kesho twenda ama hatwendi?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui! Na halua imeshapikwa!"

Angefanya nini? Angenunua nini, angeomba kwa nani? Alichemsha birika, akaibandua picha kwa mvuke, na michoro ya miaka miwili iliyokuwa chini yake ikachanika. Hakuitazama michoro hiyo. Baada ya alasiri alikuwa mlangoni kwa Raihana.

"Sina cha kukurudishia ila hiki," alisema. "Hakitoshi, najua."

Raihana aliipokea picha, akaiinua kwenye mwanga. Mkasi wa Fahmi hufuata ukingo sawasawa, haukati unywele zaidi. Tundu lilikuwa na umbo la kichwa, kisha bega, kisha mgongo uliopinda, na chini yake kichwa kidogo kilichoshikana na hicho kikubwa. Alipitisha kidole ukingoni, taratibu, akarudia.

"Aliniinamia," alisema. "Mimi siku zote nilitazama uso tu. Sikuwahi kuona kwamba aliniinamia."

Akalia. Fahmi alisimama kwenye kidato, hawezi kumshika, hawezi kuondoka.

"Na pale tulipouziba mnara, utaweka nini?" Raihana aliuliza hatimaye.

"Sijui nyuma yenu kulikuwa na nini. Patabaki wazi."

Raihana alijifuta macho kwa ushungi.

"Mwambie Bi Swabaha aje kesho. Lakini wewe usije, Fahmi. Bado siwezi kukutazama."

Mlango ulifungwa polepole. Fahmi alibaki pale pale, hajui acheke au alie, mpaka jirani akamuuliza kama amepotea njia.