Kulabu Mbili Juu ya Mnara

Nyuzi zilianza kuvuta saa nne na dakika kumi asubuhi, na watu wote waliokuwa nyuma ya kioo wakanyamaza. Jicho la kulia la Yusto Malugu, ambalo kwa zaidi ya miaka thelathini lilikuwa limejikunja kuelekea puani, lilitikisika, likasita, kisha likasogea polepole hadi likatulia katikati, sambamba na mwenzake. Hapakuwa na kisu wala damu. Nyuzi hai kumi na mbili, nyembamba kuliko unywele, zilikuwa zimepandikizwa juzi yake kwenye misuli sita ya kila jicho. Sasa zilikuwa zinapokea amri mia kwa kila sekunde kutoka kwenye kidude kilichofichwa nyuma ya sikio. Kidude hicho kiliitwa Mlinganishi.

"Limenyooka, daktari?" Yusto aliuliza, akiogopa hata kupepesa.

"Limenyooka. Jitazame."

Alishika kioo kwa mikono miwili. Alijitazama muda mrefu, kisha machozi yakamshuka. Nyuma ya kioo mama yake alipiga kigelegele, na wageni kutoka nchi sita wakapiga makofi.

Daktari Nyemo Chilewa, aliyekesha miaka kumi na mmoja kukitengeneza chombo hicho katika hospitali ya macho pembezoni mwa jiji la Dodoma, alipiga makofi pamoja nao. Lakini mawazo yake yalikuwa kwenye karatasi iliyokuwa mfukoni mwa koti lake.

Wiki moja kabla alikuwa amempima Yusto kwa njia ya kizamani, kwa miche ya vioo inayopinda mwanga. Aliiongeza mmoja baada ya mwingine mbele ya jicho lililopinda, ili picha za macho mawili zisogeleane mpaka ziwe moja.

"Taa mbili zinakaribiana," Yusto alikuwa amesema. "Zinakaribiana... zinataka kugusana... aah! Zimerukana."

Nyemo alirudia mara tatu. Mara zote taa zilikataa kuungana.

Alijua maana yake. Mtoto anapopata makengeza, ubongo wake hupokea picha mbili zisizofanana, na ili usichanganyikiwe huchagua moja na kuinyamazisha ya pili. Hali hiyo ikiachwa tangu utotoni, ile sehemu ya ubongo inayounganisha picha mbili huenda isijengeke kabisa. Nyuzi zinaweza kulinyoosha jicho, na kofia ya kuamsha, ambayo mgonjwa huvalishwa baadaye ili kuusisimua ubongo, inaweza kuifungua sauti ya jicho lililonyamazishwa. Lakini picha ya pili ikishaamka na kukosa pa kuungana, mgonjwa ataiona daima, pembeni ya ile ya kwanza.

Alikuwa ameyaandika majibu hayo kwenye karatasi na kumpelekea mkuu wake, Profesa Lwitiko.

"Mpimaji amesema anafaa kwa asilimia tisini na saba," Profesa alijibu, akimaanisha akili ya mashine iliyochagua wagonjwa wote wa hospitali. "Wewe unaniletea vipande vya vioo?"

"Mpimaji hakuwahi kumuuliza anaona nini, Profesa. Alipima pembe tu."

"Nyemo, wageni wameshapanda ndege. Na huyu bwana mwenyewe anataka. Bila macho kunyooka ananyang'anywa leseni."

Hilo lilikuwa kweli. Yusto alikuwa dereva wa winchi kubwa katika mnara wa kupokea umeme wa jua kutoka angani, uliokuwa unajengwa kwenye tambarare upande wa magharibi wa jiji. Roboti zilijenga karibu kila kitu, lakini kule juu mawimbi ya mnara yaliziparaganya, kwa hiyo mizigo ya kileleni iliongozwa na binadamu. Yusto aliifanya kazi hiyo miaka tisa kwa jicho moja bila ajali. Kisha ikaja kanuni mpya: kila dereva awe na macho mawili yanayoelekea mahali pamoja.

Nyemo alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatia saini kibali cha upandikizaji.

Siku ya sita simu yake iliita saa tano asubuhi.

"Daktari Chilewa? Naitwa Mwajabu, msimamizi wa mnara. Mtu wako kaganda kule juu."

"Kaganda vipi?"

"Anasema kuna kulabu mbili. Ana tani nane zinaning'inia, na chini yake kuna wachomeleaji wanne. Njia yao ya kutokea inapita chini ya mzigo. Upepo unaongezeka, daktari. Fanya haraka."

Katika gari la angani, Nyemo aliunganishwa na chumba cha winchi. Sauti ya Yusto ilikuwa kavu.

"Tangu lini unaona viwili, kaka Yusto?"

"Tangu siku ya pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimuuliza Mpimaji kwenye simu. Akasema ni hali ya kuzoea, itapita. Nikaona nikilalamika, leseni inakwenda. Leo nilipofika juu vilikuwa vimekaribiana, nikadhani ndiyo vinaungana. Kumbe vinarukana kama zile taa zako."

Nyemo aliinamia kipaza sauti.

"Fumba jicho la kulia."

"Siwezi. Kuna kamera mbele yangu. Jicho likifumbwa au likizibwa zaidi ya sekunde tatu, winchi inajua nimesinzia, inajifunga breki. Ikijifunga ghafla na upepo huu, mzigo unabembea na kuwafagia wale vijana."

"Haiwezi kuzimwa?"

"Mpaka uzime winchi yote. Na nikiondoka kwenye kiti ni hivyo hivyo."

Nyemo alijua bado kulikuwa na njia moja. Jicho likirudi kwenye pembe yake ya zamani, picha yake itaangukia sehemu ile ile ambayo ubongo ulizoea kuinyamazisha tangu utotoni. Siku sita zilikuwa chache. Huenda mazoea ya zamani yalikuwa bado hai. Lakini Mlinganishi haukupokea amri kutoka mbali. Yeye mwenyewe ndiye aliyeusanifu hivyo, ili asitokee mtu wa kuchezea macho ya watu kwa siri. Fimbo ya amri, aliyokuwa ameibeba, ilipaswa kugusishwa nyuma ya sikio la mgonjwa.

"Usisogeze kitu," alisema. "Nakuja huko."

Mwajabu, mwanamke mnene mwenye kofia ya njano, alimpokea chini ya mnara bila salamu na kumwingiza kwenye lifti ya wavu. Walipanda mita mia tatu na arobaini. Kadiri walivyopanda ndivyo upepo ulivyozidi kuzitikisa nyaya, na Nyemo aliishika fimbo kwa mikono miwili. Kupitia wavu aliuona mzigo: kipande cha chuma kilichopinda kama bakuli, kikizunguka taratibu. Chini yake watu wanne walikuwa wamejibana ukutani mwa jukwaa.

"Wale wana familia," Mwajabu alisema.

Chumba cha winchi kilikuwa chembamba mno. Nyemo aliingia kwa ubavu na kupiga magoti nyuma ya kiti. Shati la Yusto lilikuwa limelowa mgongoni. Macho yake yalikuwa wazi, mekundu, yamenyooka sawasawa, mazuri kama alivyoyaota Nyemo miaka yote ile.

"Naziona kamba mbili na majukwaa mawili," Yusto alinong'ona. "Watu wanane. Sijui yupi wa kweli."

"Hiyo kamera inapima nini?"

"Inahesabu mboni mbili zilizo wazi. Macho yanaelekea wapi, hilo wanapima ofisini."

"Basi nisikilize. Naweza kuzilegeza nyuzi, jicho likarudi lilipokuwa. Nadhani picha ya pili itafifia. Nadhani, sina hakika. Na nyuzi zikishalegezwa zikiwa zinafanya kazi, misuli hukaza upya. Huenda lisinyooke tena maisha. Nahitaji ruhusa yako."

Mzigo ulibembea. Kutoka chini mtu alipiga kelele.

"Mama yangu kaniona nimenyooka siku sita," Yusto alisema. "Legeza."

Nyemo aliigusisha fimbo nyuma ya sikio lake na kutoa amri. Kwenye kioo kidogo cha pembeni aliliona jicho likitetemeka, kisha likaanza kurudi ndani, hatua kwa hatua, kuelekea puani. Miaka kumi na mmoja ilikuwa inajifumua mbele yake.

"Zinaachana," Yusto alisema, akihema. "Ile ya pili inaenda mbali... bado ipo... bado ipo."

Kope zake zilishuka nusu, na taa ya kijani ya kamera ikageuka njano kuonya.

"Usifumbe!" Nyemo alimwambia. "Itazame kamba yako, ile ya jicho la kushoto. Ile nyingine iache."

Sekunde zilipita. Taa ikabaki njano. Kisha ikarudi kuwa kijani, na mabega ya Yusto yakashuka.

"Moja," alisema. "Naona moja."

Mikono yake ikabadilika. Hakuutafuta umbali kwa macho mawili. Aliusoma kwenye kivuli cha mzigo kilichokuwa kinatambaa jukwaani, kwenye urefu wa kamba, kwenye namna chuma kilivyokuwa kinapungua kadiri kinavyoshuka. Ndivyo alivyojifunza mwenyewe kwa miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alingoja upepo uvute pumzi, akausogeza mzigo upande, akaushusha. Upepo ukarudi kabla ya mita mbili za mwisho. Kile chuma kiligonga ukingo, kikaupinda, na mtu mmoja akaanguka akishika mkono wake. Kisha mzigo ukatua.

Watatu walitoka kwa miguu yao. Wa nne, aliyeitwa Fungameza, alibebwa akiwa amevunjika mkono vipande vitatu, na kazi ya uchomeleaji hakuirudia tena.

Baraza la uchunguzi lilikaa wiki iliyofuata. Profesa Lwitiko alimsubiri Nyemo mlangoni.

"Sema ni hitilafu ya Mpimaji," alimwambia kwa upole. "Mashine haiendi jela."

Nyemo aliingia, akaitoa ile karatasi, akaikunjua mezani. "Nilijua kabla ya kutia saini," alisema. "Nilimuuliza mgonjwa, akanijibu mara tatu, nami nikanyamaza." Walimsimamisha kazi kwa mwaka mmoja. Mlinganishi uliendelea kutumika kwa wale tu waliowahi kuona kwa macho mawili pamoja kabla makengeza hayajawapata, na kwa hao ulifanya maajabu.

Kabla ya kukabidhi ofisi, alimwita Yusto ampime kwa mara ya mwisho. Alimdondoshea dawa ya kulegeza macho, akasubiri, akamulika. Kisha akarudia, kwa kuwa hakuamini.

"Nani aligundua makengeza yako kwa mara ya kwanza?"

"Mama. Nilikuwa na miaka mitatu. Yalikuwa yanakuja na kuondoka, hasa nikitazama kitu cha karibu. Tukaambiwa yataisha nikikua."

Nyemo aliweka kurunzi chini. "Una tatizo kubwa la kuona vitu vya karibu, macho yote. Mtoto mwenye hali hiyo hujikaza ili aone, na akijikaza macho yanavutwa ndani. Jicho likizoea kuvutwa, linabaki huko."

"Na dawa yake?"

"Kwa umri ule? Miwani. Pengine na kuliziba jicho zuri saa mbili tatu kwa siku, ili lile jingine lifanye kazi."

"Miwani ya kawaida?"

"Ya kawaida."

Yusto aligeukia dirisha. Nje, gari la angani lilipita bila sauti, likashuka kwenye paa la hospitali, ambako wagonjwa wapya walikuwa wanateremka.

"Daktari," alisema hatimaye, "shule ya awali ya mtaani kwetu ina watoto mia mbili na kumi. Wana roboti ya kuwafundisha kusoma. Sijawahi kusikia mtu akienda pale kuwapima macho."

Nyemo alilitazama sanduku la miche ya vioo mezani. Alikuwa na mwaka mzima bila kazi.

"Wanaingia saa ngapi?" aliuliza.

"Saa mbili."

"Nisubiri getini."