Kisima cha Nne Salama

Kifupishi kiliimeza taarifa ya fundi Ambakisye yenye maneno mia mbili na kumi na nne, kikawasha taa ya kijani, kikatema manne: "Kisima cha nne salama."

Atupele, msimamizi wa mtambo wa umeme wa mvuke wa ardhini chini ya Mlima Rungwe, akashusha pumzi. Yeye ndiye aliyekiomba chombo hicho. Mafundi wake walikuwa watu wema, lakini uandishi wao ulimchosha. Mtu anataka kusema betri imekufa, anaanza na shikamoo, anapitia watoto, ng'ombe na mvua, anakushukuru kwa ndizi za juzi, nawe uitafute betri mstari wa ishirini. Kifupishi kilikuwa akili ya mashine iliyofundishwa kukata salamu na kubakiza habari, na kwa miezi mitatu kilikuwa kimempumzisha.

Akabonyeza kitufe. Koki ya kisima cha nne ikafunguka, mvuke ukaanza kupanda kwenda kwenye mitambo inayoangaza jiji zima la Mbeya.

Dakika haikuisha, redio yake ya mkononi ikaita. Alikuwa Lusajo, fundi wa zamu. "Mama, funga mvuke. Ambakisye yumo ndani ya chumba cha bomba."

Atupele aliufunga, akaenda kumkuta Ambakisye zahanati, mkono wa kulia ulioungua umefungwa bendeji hadi kiwikoni. Daktari alikwisha kusema vidole viwili havitakunjika tena.

"Shikamoo, dada," akasema Ambakisye.

"Marahaba. Ambakisye, uliniandikia kisima ni salama."

"Niliandika. Halafu nikaandika, ila nimo ndani nabadilisha mpira wa koki, usifungulie mpaka saa nne."

"Uliandika wapi?"

"Mwishoni. Baada ya kukupa pole ya goti."

Hasira zikampanda Atupele. "Mtu anaingia kwenye bomba la mvuke, anaanza na goti langu?"

"Sasa dada, nikuamkie kwa balaa? Hata aliyefiwa ukimuuliza habari, anajibu salama kwanza, ndipo anakwambia nani katutoka. Hiyo mashine yako haina subira. Imesikia salama, imeaga."

Atupele alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kumgombeza tena, lakini Ambakisye alikuwa anausogeza ule mkono ili kumpisha akae kitandani. Akakaa.

Akarudi ofisini, akafungua ghala la Kifupishi ambako taarifa nzima huhifadhiwa. Hakuwahi kuligusa. Akasoma mpaka macho yakamuuma. Ambakisye alikuwa amemwombea mama wa Atupele alipolazwa. Alikuwa amemtunzia mbegu za maharage. Na mara tatu, chini kabisa, baada ya salama zote, alikuwa ameandika: "Ila king'ora cha chumba cha bomba hakilii."

Mara tatu. Atupele aliupiga ubao wa meza kwa kiganja. Hakujua amkasirikie nani kwanza, mashine, Ambakisye, au yeye mwenyewe aliyeona uvivu kusoma.

Akaizima mashine, akawaandikia mafundi wote kwa vidole vyake mwenyewe: "Hatari iandikwe mstari wa kwanza. Salamu zifuate, nitazisoma zote."

Jibu la kwanza lilitoka zahanati, limeandikwa kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda:

"Mkono unauma sana. Shikamoo, dada."