Mtoto Ambaye Javan Hakumtaja

Awino alitapika tena asubuhi hiyo, kabla hata ya kuonja uji. Alikuwa na miaka minne, na hii ilikuwa wiki ya tatu. Kila akiamka alilia kichwa, akatapika, halafu akapata nafuu na kucheza. Ndiyo maana baba yake hakuwa na haraka. Baba huyo, Javan, alikuwa fundi wa pikipiki sokoni Ndhiwa. Alisema hiyo ni malaria tu, akanunua dawa dukani mara mbili. Javan hangefungua injini ya mteja bila kuisikiliza kwanza. Mtoto wake mwenyewe alimtibu kwa kubahatisha.

Irine, mke wake, roho haikumtulia. Alimwona mtoto akiyumba anapotembea, kichwa kimelala upande mmoja. Akamwita jirani yao Nyamoita, mhudumu wa afya ya jamii. Nyamoita alimwambia Awino atembee kutoka mlangoni hadi kwa mama yake. Awino alianguka mahali pasipo na jiwe wala shimo.

"Mama Awino, hii si mambo ya malaria," Nyamoita alisema. "Kichwa na kutapika kila asubuhi, kuyumba, shingo kwenda upande. Hiyo shida iko ndani ya kichwa. Twende hospitali leo, tusingoje kesho."

Hospitalini Awino alipimwa malaria. Hakuwa nayo. Wakatumwa hospitali kubwa ya rufaa. Javan aliwafuata huko, na Awino akapigwa picha ya ndani ya kichwa. Kulikuwa na uvimbe sehemu ya nyuma ya ubongo, mkubwa kama ndimu. Javan alikaa kwenye benchi, akaogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa maishani mwake.

Upasuaji ulichukua saa saba. Awino alitoka akiwa hai, na uvimbe wote ulikuwa umeondolewa.

Siku ya nne akaja Daktari Nyanchama. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, lakini maswali yake hayakumbembeleza mtu. Alitibu watoto wenye uvimbe wa ubongo, na pia alifanya utafiti juu ya jeni zao. Aliwaeleza kwamba jeni ni maagizo yaliyo ndani ya mwili. Kila mtu hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mengi yanayojulikana juu ya uvimbe huu yalitoka kwa watoto wa nchi za mbali, naye alitaka watoto wa huku pia wajulikane. Aliomba kuchunguza kipande cha uvimbe na damu ya Awino. Alisema wako huru kukataa, na mtoto atatibiwa vilevile. Wakakubali.

Kisha akauliza, "Katika ukoo wenu, upande wa baba au wa mama, kuna mtoto mwingine aliyeugua hivi?"

Irine alisema kwao hakuna. Daktari akamgeukia Javan.

"Hata kwetu hakuna," Javan alisema.

Huo ulikuwa uongo. Miaka saba nyuma, kabla Javan hajamwoa Irine, kaka yake Bonface alikuwa na mtoto aliyeitwa Oyaro. Oyaro alianza kutapika asubuhi, kisha akaanza kuyumba. Watu wa nyumbani walisema ni chira, ile adhabu ya kuvunja mwiko, na hawakumpeleka kokote. Alikufa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Siku ya mazishi Javan alisimama mbele ya watu, akamwelekezea kidole mama wa mtoto, Risper. Alisema damu mbaya imetoka kwao. Risper alirudi kwao Rongo na binti yake mchanga, Joyline, mgongoni. Jina la Oyaro halikutajwa tena pale nyumbani. Irine alijua tu kwamba Bonface aliachana na mke wake wa kwanza.

Sasa Javan angesema nini? Akimtaja Oyaro, kesho ataulizwa damu mbaya ni ya nani. Akaufyata ulimi.

Ijumaa daktari alirudi. Alisema chembe za uvimbe zinaweza kubaki na kuota tena. Kwa hiyo Jumatatu Awino ataanza matibabu ya mionzi.

"Vipimo vya jeni huchukua wiki kadhaa," alisema. "Watoto wengi hawakurithi uvimbe huu. Jeni iliharibika tu ndani ya seli moja ya ubongo, na hakuna aliyekosea. Kwa hao hatungoji majibu. Lakini wachache huzaliwa na jeni yenye hitilafu, na hao mionzi inaweza kuwaletea uvimbe mwingine miaka ijayo. Nyinyi hamna mgonjwa mwingine katika ukoo, basi tunaanza."

Irine alikuwa akimshukuru daktari. Daktari alikusanya karatasi zake, akaelekea mlangoni. Javan alimtazama Awino, bandeji kichwani, akinywa maziwa kwa mrija.

"Daktari, ngoja," alisema. "Nilikudanganya. Kuna mtoto mwingine."

Alieleza yote, hata yale maneno ya mazishini. Irine alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Awino," alisema, "ungeacha mtoto wetu aumizwe juu ya aibu yako?"

Daktari Nyanchama hakumkaripia Javan. Aliahirisha mionzi ya Jumatatu, akatoa damu ya wazazi wote wawili ipimwe. Javan aliuliza, yeye ni mzima, sasa hitilafu ingetokaje kwake? Daktari alijua kazi ya Javan, akamuuliza pikipiki ina breki ngapi.

"Mbili. Ya mbele na ya nyuma."

"Moja ikiharibika?"

"Bado itasimama, lakini usiiamini."

"Jeni hii pia tunazo mbili, na kazi yake ni kuzuia seli kukua ovyo," daktari alisema. "Mtu anaweza kuzaliwa moja ikiwa mbovu, aishi tu vizuri. Lakini ile ya pili ikiharibika ndani ya seli moja ya ubongo, seli hiyo haina cha kuizuia."

Walingoja wiki tano. Zilikuwa ndefu. Awino alianza kupewa dawa za saratani kwenye mshipa. Majibu yalipokuja, Irine hakuwa na hitilafu. Awino alikuwa nayo, na Javan alikuwa nayo. Awino hakupewa mionzi. Aliongezewa dawa zinazomfaa.

"Hii si laana, na wewe hukuichagua," daktari alimwambia Javan. "Lakini kaka yako apimwe. Na yule binti wa Risper anastahili kujua."

Bonface alikataa simu mara tatu, mwishowe akapimwa. Alikuwa nayo. Lakini kwenda Rongo, Javan alisitasita. Kila kliniki daktari alimuuliza kama ameenda, na kila mara aliangalia chini. Dawa za Awino zikaisha. Picha mpya haikuonyesha uvimbe, ingawa angerudi kupigwa nyingine kila miezi mitatu. Awino alitembea ukumbi mzima wa hospitali bila kushikwa. Irine alimtazama mumewe, akamwambia Joyline naye ni mtoto wa mtu.

Javan alimkuta Risper kibandani kwake sokoni Rongo, akipima maharagwe kwa kopo. Joyline, sasa binti wa miaka saba, alikuwa akifunga mifuko. Wateja wawili walikuwa wamesimama. Javan alitaka kungoja waondoke, kisha akaona hastahili kungoja.

"Shemeji," alisema, "Oyaro aliugua uvimbe wa ubongo. Ulitoka upande wetu. Mimi ninayo mbegu yake, na Bonface pia. Si wewe, na si watu wa kwenu. Nilikusingizia. Joyline apimwe damu, daktari anamngoja."

Risper aliweka kopo chini. Aliuliza daktari huyo yuko wapi na ni siku gani. Javan akamwambia. Risper alimvuta Joyline karibu naye, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yangu yuko huko nyuma, anachambua mboga," alimwambia Javan. "Nenda uyarudie hayo maneno, na useme kwa sauti."