Doa Jekundu Chini ya Kikombe

Duka la vifaa vya kushona siku ile lilifurika, huna pa kuweka mguu. Dobi wa hospitali alikuwa amefuata nyuzi zake nyekundu. Mara kijana mmoja mrefu akasukumwa, joho lake jeusi likanasa kwenye msumari wa kaunta. Chrr! Pindo likaning'inia.

"Mungu wangu! Sasa hivi naitwa jukwaani!"

"Simama wima, usitikisike," Dobi akasema, akichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake la buluu. "Ila nina uzi mwekundu tu."

"Hata wa kijani, dada yangu. Shona."

Dobi akapiga magoti. Kijana alikuwa mwalimu wa Kiingereza, anakwenda kutunukiwa cheti chenye distinksheni.

"Ndiyo nini hiyo? Ugonjwa?"

Mwalimu akacheka. "Ni heshima. Lakini asili yake ni Kilatini, kuchoma kwa ncha, kutia alama. Ukishatia alama umetenga, hiki mbali na kile. Kwanza likawa neno la tofauti, heshima ikaja baadaye."

"Kumbe ndiyo kazi yangu! Mashuka ya wodi ya maambukizi nayatia uzi mwekundu, yasichanganyike na mengine. Na wewe leo nimekutia."

"Basi usinichanganye na wengine."

Ndivyo simu zilivyoanza.

"Umekula, Dobi wangu?"

"Bado."

"Nami sijala. Nakula sauti yako."

"Muongo! Utakufa na njaa."

Ilipofika siku ya kupelekwa kwa mama yake Mwalimu, Dobi alivaa gauni la maua ya zambarau, mikono akaisugua kwa limau mpaka ikawasha, harufu ya dawa ya kufulia imtoke. Mama mtu akampokea kwa tabasamu, bangili zikilia, akamwandalia yeye mwenyewe chai na keki.

Sasa, mkono wa dobi una mazoea yake. Hutafuta alama kabla ya kitu chochote. Chai ilipoisha akakigeuza kikombe. Chini palikuwa na doa la rangi ya kucha, jekundu. Akainua sahani yake: doa. Kijiko: doa kwenye mpini. Akachungulia vya wenzake. Vyeupe pe!

Akakirudisha kikombe mezani.

"Mbona kimya, mwanangu?" mama akauliza.

"Nimeshiba, mama."

Akaaga. Alipopita dirishani akamwona mama mtu akisugua kiti alichokalia, kitambaa kakishika kwa vidole viwili kama kabeba panya aliyeoza.

Jioni simu ikaita, ikaita, mwishowe akapokea.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Vile vyombo. Ulijua?"

"Nilimwona akipaka," Mwalimu akasema. "Nikaona nisilete maneno."

"Ukakaa ukinitazama nakunywa! Mama yako ananionea kinyaa, nimezoea. Usaha wa watu nafua kila siku, sijatapika. Wewe ndiye unanitapisha." Akakata.

Wiki nzima sauti ya simu ile ilimtia kichefuchefu. Siku moja, Dobi akiwa anaanika mashuka uani hospitalini, Mwalimu akatokea, macho mekundu, vidole vyekundu zaidi.

"Umechinja?"

"Nimepaka rangi. Vikombe vyote, sahani zote, hata sufuria. Mama hajui chako ni kipi. Tangu jana anakunywa maji kwa kiganja."

Kicheko kilitaka kumtoka Dobi, akakimeza. "Umemwambia ni wewe?"

"Bado…"

"Yaani umenyamaza tena! Ondoka, unanichefua."

Mwalimu hakuondoka. Akatoa simu, akafungua spika. "Mama, vyombo nimevipaka mimi. Nilikuona ukitia alama nikanyamaza, na ninaona aibu. Mke wangu atakunywa kwenye kikombe chochote, au mimi sili kwako tena."

Matusi yakamwagika uani mpaka wafuaji wengine wakasimamisha ndoo. Mwalimu aliyasikiliza yote, kisha akasema taratibu, "Nimesema hivyo, mama," akakata.

Dobi akabana pini ya mwisho kwenye shuka.

"Mke wako nani? Umeniposa lini?"

"Nakuposa sasa."

"Na hiyo harufu ya rangi ya kucha? Kinyaa gani hiki!" Akanyoosha mkono. "Vua hilo shati nilifue. Halafu uulize tena, ukiwa unanukia kama mtu."